Mzazi mwema ni nani? Kipimo cha majirani na kile anachokihitaji mtoto

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inalisha sehemu kubwa ya nchi hii. Malori yanayopita hapa Mbalizi kila siku kwenda Dar es Salaam yamebeba mahindi ya Rukwa na Mbozi, maharage, na viazi mviringo vinavyoshuka kutoka Umalila. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoa unaoongoza kwa udumavu Tanzania ni Iringa. Huko, asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe inafuata kwa asilimia 50.4, kisha Rukwa kwa asilimia 49.8. Wastani wa taifa ni asilimia 30, na Mbeya yetu iko jirani kabisa na wastani huo: karibu watoto watatu katika kila kumi.

Takwimu hizi zikisomwa redioni, watu wengi huuliza kwanza: wazazi wa watoto hawa wakoje? Ni wavivu? Hawawapendi watoto wao?

Ukweli ni kwamba wengi wao ni wachapakazi kuliko tunavyodhani. Wanaamka alfajiri, wanalima, wanauza, wanalipa michango ya shule, na majirani wanawasifu kuwa ni wazazi wema. Mtu anaweza kufaulu mitihani yote ya uzazi ambayo jamii inampa, na bado mtoto wake akakosa kitu cha msingi. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea na nani hasa anabebeshwa mzigo.

Majirani wanatazama nini

Hapa kwetu mzazi hupewa jina jipya siku mtoto wa kwanza anapozaliwa. Mwanamke aliyekuwa akiitwa kwa jina lake anakuwa Mama Neema, na mumewe anakuwa Baba Neema. Ni heshima kubwa, lakini pia ni dhamana. Kuanzia siku hiyo lolote atakalofanya Neema, liwe jema au baya, litabeba jina la wazazi wake. Akimpita mtu mzima njiani bila kumwamkia, utasikia: huyu mtoto wa nani? Anayeuliza hivyo mara nyingi anamjua vizuri mtoto huyo. Anachotafuta ni mtu wa kulaumiwa.

Ukikaa sokoni au stendi ukasikiliza watu wanavyowazungumzia wazazi, utaona vipimo vyao ni vilevile. Mtoto anasema shikamoo? Akitumwa anatumika? Sare yake ni safi? Ada na michango imelipwa? Alivaa nini sikukuu? Binti amemaliza shule bila kupata mimba? Kijana haonekani kijiweni na wavuta bangi? Wazazi wamejenga?

Hatusemi vipimo hivi ni vibaya. Vimelinda watoto wengi. Mtoto anayejulikana mtaa mzima ni wa nani hawezi kupotea kirahisi, na kijana anayejua kuwa mama fulani wa duka atamsema akionekana mahali pabaya hufikiri mara mbili. Tatizo ni kwamba vyote vinaonekana ukiwa nje ya uzio. Hakuna jirani anayejua mtoto wa mwaka mmoja amekula mara ngapi leo, wala nani amekaa naye kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Hajui pia kama kuna mtu mzima aliyezungumza naye zaidi ya kumwambia nyamaza, kaa chini, lala.

Methali zetu nazo zina mwelekeo wake. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ya pili inamtaja mama peke yake. Katika nyumba nyingi utasikia hilo hata katika maneno ya kila siku: mtoto akiwa wa kwanza darasani baba husema "mwanangu", na akileta kesi humwambia mkewe "mwanao". Lakini ipo pia methali isemayo mkono mmoja haulei mwana. Hiyo tunaikumbuka zaidi kwenye hotuba za harusi kuliko Jumatatu asubuhi wakati wa kwenda shamba.

Kwa nini udumavu haugunduliki mtaani

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake uko chini sana ukilinganisha na umri wake. Si lazima awe amekonda. Anaweza kuwa na mashavu, akacheka, akakimbia na wenzake, na majirani wakamsifu mama yake kwamba mtoto ana afya. Katika kijiji ambacho nusu ya watoto ni wafupi kuliko inavyotakiwa, ufupi huo unaonekana ndio kawaida. Wengine husema ni ukoo tu, babu yake naye alikuwa mfupi. Njia ya kujua ni kumpima kwa ubao wa urefu na kulinganisha na umri.

Madhara yake hayaishii kwenye kimo. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotungwa hadi anapotimiza miaka miwili. Mtoto aliyekosa lishe na uangalizi katika kipindi hicho anaweza kupata shida darasani miaka mingi baadaye, wakati wazazi wake wanahangaika kulipia masomo ya ziada.

Sababu za udumavu ni nyingi. Zinaanza na lishe ya mama akiwa mjamzito, maradhi ya mara kwa mara ya kuhara, maji na vyoo visivyo salama, na wasichana kubeba mimba miili yao ikiwa bado haijakomaa. Ipo pia sababu ya chakula chenyewe. Mahindi yapo, na mtoto anapewa uji wa mahindi matupu, mwepesi, asubuhi na jioni. Mayai, maziwa na maharage yanauzwa ili zipatikane fedha za mbolea, sare na michango. Mzazi anapouza trei ya mayai ili alipe mchango wa shule wa mtoto mkubwa, machoni pa jamii ametimiza wajibu. Anayelipa gharama iliyobaki ni yule mdogo aliye mgongoni, na hakuna anayemwona.

Saa za mama

Ushauri wa wataalamu wa afya unajulikana. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili huku akipewa chakula. Kuanzia miezi sita hadi minane anatakiwa kula mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne. Uji uwe mzito, uongezewe karanga zilizosagwa, unga wa dagaa, yai au maziwa, na mtoto ale pia mboga, matunda na maharage yaliyopondwa.

Sasa tuchukulie mama wa vijiji vya juu, njia ya Shigamba, mwezi Desemba mvua zimeanza. Lazima apande sasa, akichelewa amekosa msimu. Anachota maji, anawaandaa wanaokwenda shule, anakwenda shamba na jembe, anarudi na kuni, anapika. Shamba liko mbali, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni mzito wa kubebwa lakini mdogo wa kutembea. Anaachwa nyumbani na dada yake wa miaka minane. Dada huyo anampa uji uliobaki wa asubuhi, umepoa. Akilia anambeba. Ndio uwezo wake, maana naye ni mtoto.

Mama huyo akiacha kwenda shamba ili amlishe mtoto mara nne kwa siku, ataitwa mvivu. Akienda, atasifiwa, na mtoto atakula mara mbili. Hapo kipimo cha jamii na haja ya mtoto vinagongana, na katikati yupo mtu mmoja mwenye saa chache. Kumpa semina ya lishe bila kumpunguzia kazi ni kumwongezea lawama tu: zamani alikuwa hajui, sasa anajua na bado hawezi.

Zamani watoto walilelewa na nani?

Mara nyingi tunaposema malezi ya zamani yalikuwa bora, tunafikiria nidhamu na fimbo. Tukitazama historia ya majirani zetu Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, tunakuta jambo jingine.

Watafiti wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi Unyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, na Monica Wilson akachapisha kitabu mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika. Alieleza kwamba wavulana wa miaka kama 10 au 11 walikuwa wakiondoka nyumbani kwa baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni, rika moja pamoja. Waliendelea kumlimia baba na kula kwa mama. Ila kula huko hakukuwa kwa mtu mmoja mmoja. Vijana walikwenda kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Mvulana aliyezoea kuja kula peke yake bila kuleta wenzake aliwaaibisha wazazi.

Tafsiri yake ni kwamba mzazi mwema alipimwa kwa jinsi alivyowalisha watoto wa wengine. Sifa na kazi vilikwenda pamoja: kila mama alipikia kundi siku yake, na siku nyingine mwanawe alilishwa kwingine.

Hatusemi turudi huko. Mfumo uleule uliwafanya vijana wawasubiri wazee kwa miaka mingi ndipo wapate ng'ombe wa kuolea, na wasichana waliposwa wakiwa wadogo mno. Lakini unatufundisha kwamba picha ya mama mmoja anayetosheleza kila kitu nyuma ya mlango wake ni ngeni hapa kwetu. Kilichotokea ni kwamba kipimo cha jamii kimebaki, ila mikono ya jamii imepungua. Majirani bado wanahukumu, lakini wachache bado wanalisha.

Mikono hiyo imepungua pia kwa sababu ya maradhi. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/23, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU Tanzania Bara: asilimia 12.7, 11.1 na 9.6 ya watu wazima. Dawa zinaokoa maisha ya wengi sasa, lakini miaka ya nyuma ugonjwa huu uliacha yatima, na bibi wengi wamerudi kulea wakiwa na miaka sabini. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuuza ndizi mbivu kando ya barabara naye anapimwa kwa sare na michango ileile.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 129, iliweka wajibu wa kutunza watoto kwa baba: malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, hata kama watoto wanaishi kwa mtu mwingine. Mama aliingia iwapo baba amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Ndiyo maana watu wazima wengi wanaamini kwamba baba ni mfuko na mama ni mikono.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imebadilisha lugha hiyo. Inasema mzazi, bila kutenganisha baba na mama. Kifungu cha 8 kinamtaka ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maelekezo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Kifungu cha 9 kinaongeza kumlinda dhidi ya kutelekezwa na kuonewa, kumpa mwongozo na matunzo, na kuhakikisha kwamba mzazi asipokuwepo kwa muda, mtoto anaangaliwa na mtu anayeweza kazi hiyo. Dada wa miaka minane hahesabiki hapo.

Angalia orodha hiyo na ile ya majirani. Kucheza hakumo katika vipimo vya mtaani. Mtoto anayecheza sana huonekana amedekezwa. Kuwa na mlezi mzuri saa za mchana nako hakumo. Kwa upande mwingine, sheria hiyohiyo, kifungu cha 15, inampa mtoto wajibu ambao wazee wetu wataufurahia: kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa, na kuwasaidia inapohitajika. Kwa hiyo si kweli kwamba sheria imekuja kuondoa shikamoo.

Suala la fimbo

Hakuna mada inayoleta simu nyingi kama hii. Wapo wanaosema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba kizazi hiki kimeharibika kwa kukosa fimbo. Oktoba 2019, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo aliwachapa viboko wanafunzi wa sekondari moja ya Chunya baada ya mabweni kuchomwa moto, na nchi nzima ikagawanyika kati ya waliomsifu na waliomlaumu. Wengi wa waliomsifu walisema amefanya kama mzazi. Hilo linaonyesha kwamba kwa watu wengi kuchapa na kulea ni neno moja.

Sheria imekaa wapi? Shuleni viboko bado vinaruhusiwa kwa masharti: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe kwenye kitabu. Nyumbani, kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, na kinasema adhabu yoyote isiyolingana na umri na hali ya mwili na akili ya mtoto haikubaliki. Kumchapa mtoto wa miaka miwili kwa kukojoa kitandani hakuwezi kuitwa kufundisha, kwa sababu hajui anafundishwa nini.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu katika kila wanne, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo peke yake ingetosha kutengeneza watu wema, tungekuwa tumemaliza matatizo yetu siku nyingi.

Hapa tena tunakuta jicho la jirani. Wazazi wengi hawachapi kwa sababu ya kosa lenyewe. Wanachapa kwa sababu kosa limeonekana na watu, na mzazi asipochapa hadharani ataonekana ameshindwa. Mtoto anajifunza haraka: kosa ni kukamatwa.

Ndoto ya mzazi mwenyewe

Mbali na matarajio ya watu, kila mzazi ana picha yake moyoni. Aliyesoma kwa shida anataka mwanawe asome shule inayofundisha kwa Kiingereza. Aliyelima maisha yote anataka binti yake aondoke shambani. Ndoto hizo ni za upendo, na ndizo zinazomfanya mtu aamke saa kumi alfajiri.

Lakini nazo zinaweza kumweka mtoto mbali na mzazi mapema mno. Kwa wenye kipato, kilele cha uzazi mwema kilikuwa kumpeleka mtoto bweni akiwa mdogo kabisa, hata darasa la kwanza. Machi 2023 serikali ilifuta huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, ili watoto wa umri huo walelewe na familia zao. Baadhi ya wazazi walilalamika, na hoja zao zina uzito. Mzazi anayefunga duka saa tatu usiku au anayeendesha lori la Tunduma hadi Dar es Salaam atamlea saa ngapi? Waraka umemrudisha mtoto nyumbani, lakini haujamrudisha mzazi.

Kwa wasio na kipato, ndoto huchukua sura nyingine. Kwa miaka mingi Iringa na mikoa jirani imejulikana kwa kutoa wasichana wa kazi za ndani mjini. Mgeni anakuja, anaahidi kwamba binti atasomeshwa cherehani, na wazazi wanakubali wakiamini wamemfungulia njia. Sheria ya Mtoto inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Binti wa miaka 12 anayelea mtoto wa mtu mwingine Dar es Salaam yuko nje ya sheria, hata kama kila mwezi anatuma elfu ishirini na kijiji kinawasifu wazazi wake.

Na baba je?

Tukipanga vipimo vyote tulivyotaja, utaona mama anapimwa kwa mambo mengi na baba kwa moja tu: fedha. Hali hii inamuumiza mama kwa kumzidishia kazi. Inamuumiza pia baba. Mwanamume aliyekosa kibarua huanza kukwepa nyumbani kwa aibu, kwa kuwa amefundishwa kwamba bila noti mkononi hana cha kuwapa watoto. Na baba anayembeba mtoto mgongoni kumpeleka kliniki hutaniwa barabara nzima kwamba amewekewa kitu kwenye chakula.

Sheria za kazi zenyewe zinaonyesha tulivyozoea kufikiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa angalau siku tatu. Wengi wetu hapa hatujaajiriwa, tunalima na kuuza, kwa hiyo hakuna anayetupangia siku. Lakini nyumbani tunazigawanya kwa mtindo uleule.

Kazi za siku 1,000 ambazo baba anaweza kuzifanya bila shilingi ya ziada ni nyingi: kuchota maji, kuleta kuni kwa baiskeli au bodaboda, kubaki na mtoto nusu ya siku msimu wa kupanda, kuamua kwamba mayai mawili kwa wiki hayauzwi. Nyumba ikiamua hivyo, mama anapata zile saa mbili ambazo hakuna semina inayoweza kumpa.

Mzazi anayetosha

Wasiwasi wa kutokuwa mzazi bora si wa kwetu peke yetu. Kati ya mwaka 1943 na 1962, daktari wa watoto wa Uingereza aitwaye Donald Winnicott alizungumza na akina mama kupitia redio ya BBC. Vita vilikuwa vimewatenganisha na waume zao, na wataalamu wa kila aina walikuwa wakiwaambia wanakosea. Winnicott aliwaambia kinyume: mama wa kawaida anayemjali mtoto wake tayari anafanya mengi sahihi. Baadaye akaeleza wazo la mama anayetosha. Mtoto hahitaji mzazi asiyekosea. Anahitaji mtu anayemwitikia, ambaye hata akichelewa au akichoka, anarudi.

Tunaona wazo hilo linafaa hapa, tukiliongezea kitu kimoja. Mzazi anatosha akiwa na watu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wenye mambo matano ya malezi ya mtoto mdogo: afya, lishe, malezi yenye kumwitikia mtoto, ulinzi na usalama, na kujifunza mapema. Tanzania ilizindua Desemba 2021 programu yake ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto kwa kufuata mambo hayohayo. Ukiyasoma vizuri, hakuna hata moja linaloweza kukamilishwa na mama aliye peke yake na jembe mkononi.

Nini kifanyike kuanzia wiki hii

Kwanza, mpime mtoto urefu. Ukienda kliniki, usiridhike na uzito peke yake, muulize mhudumu urefu wake unalingana na umri. Vijijini, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka. Ulizia kwa mwenyekiti wako au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na baba aende pia.

Pili, hesabuni milo ya mtoto mdogo badala ya magunia yaliyomo ghalani. Amekula mara ngapi jana, na alikula nini zaidi ya mahindi?

Tatu, msimu wa kilimo ukikaribia, akina mama wa jirani wanne au watano wanaweza kupanga zamu. Mmoja anabaki na watoto wadogo wote, anawapikia uji mzito kutoka kwenye unga waliochangia, wengine wanakwenda shamba. Kesho ni zamu ya mwingine. Hakuna mradi unaohitajika kwa hilo. Wazee wetu walilisha watoto kwa makundi bila fomu wala muhuri.

Nne, baba na mama kaeni mjibu swali moja pamoja: ni jambo gani tunalifanya kwa sababu watu wanatutazama, na lipi kwa sababu mtoto analihitaji? Mengine yatakuwa yote mawili, yaendelee. Yale ya watu tu yanaweza kusubiri.

Mwisho, mtoto anayepigwa kupita kiasi, aliyetelekezwa au anayechukuliwa kwenda kufanyishwa kazi anaweza kusaidiwa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto na haina malipo. Ukiona tatizo kwa jirani, piga. Kabla ya kuuliza mtoto huyu ni wa nani, uliza kwanza amekula.